Uzi wa video fupi: kwa nini nyingine unaitazama hadi mwisho na nyingine unaipita sekunde ya tatu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kushuti na kuhariri video za wafanyabiashara wadogo hapa Dar: saluni, wauza nguo, mama lishe, mafundi fenicha, na mwisho wa wiki harusi na send-off. Naletewa simu yenye klipu kibao, mwenyewe anasema "nifanyie iwe kali". Simu ni nzuri kabisa, picha zina ubora wa kutosha, lakini ukizitazama zile klipu hakuna cha kukushika. Ushauri unaozunguka mitandaoni ni nunua stendi hii, pakua programu ile, tumia transisheni hizi. Mimi naomba tuongee kitu kingine. Kila shoti inatakiwa impe mtazamaji jambo ambalo shoti iliyopita haikumpa, na kila mkato uwe na sababu ambayo mwenye video anaweza kuitaja akiulizwa. Hayo yakikosekana, madoido hayasaidii.

Nitaanza na sauti, maana ndiyo inayoua video nyingi na ndiyo watu hawaigusi.

Mtazamaji anavumilia picha yenye chengachenga. Sauti asiyoisikia vizuri haivumilii, anapita. Maiki ya simu iko kwenye simu, na simu iko mita tatu kutoka kwa anayeongea, katikati yao inapita bodaboda. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti ya mtu inashuka kwa desibeli 6 hivi, wakati kelele za barabarani zinabaki palepale. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kusogea. Kama hutaki simu ionekane imemkaribia mtu, tumia simu ya pili: fungua kinasa sauti, mtumbukizie mfuko wa shati, maiki itazame juu. Halafu mwambie apige kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza kuongea. Ukiingia kuhariri utaona mchoro wa sauti umechomoka kama mwiba pale kofi lilipolia. Uulinganishe na fremu (picha moja kati ya zile zinazounda video) ambayo viganja vimekutana, kazi imeisha. Hiyo haina gharama yoyote, na inashinda maiki nyingi za bei rahisi.

Muziki nao. Watu wanauweka juu kiasi kwamba muuzaji anapiga kelele kushindana na ngoma ya video yake mwenyewe. Ukimaliza kuhariri, toa earphone, sikiliza kwa spika ya simu ukiwa sebuleni feni inazunguka na televisheni imewashwa. Kama bei ya bidhaa haisikiki hapo, shusha muziki.

Sasa picha. Dar ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana linakaa utosini. Ukimshuti mtu nje muda huo, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, paji la uso linang'aa, na chini ya pua kuna kivuli kama sharubu. Mvute aingie kivulini, chini ya mwembe au barazani, atazame upande wa nje ambako kuna mwanga. Mgeuze huyohuyo aupe mgongo mlango ulio wazi, utapata mtu mweusi tii mbele ya mstatili mweupe, maana simu inapima mwanga wa fremu nzima na mlango unashinda. Na jioni usichelewe. Huku kwetu jua linazama karibu wima, ule mwanga wa dhahabu hauna subira. Nikitaka picha za jioni nafika saa kumi na nusu, napanga kila kitu, nasubiri mwanga, siusubirishi.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu ili tusiongee hewani.

Mama mmoja anauza chapati asubuhi. Kijana wake kamshuti dakika nne mfululizo, kasimama nyuma ya bega lake, mara anazumu kwenye kikaango, mara anarudi, mara anamgeukia mteja anayetafuta chenji. Ametaka sekunde 40. Alichofanya ni kuharakisha video yote, akaweka muziki, akaweka maandishi "CHAPATI LAINI". Ukiitazama unaona mtu anahangaika kwa kasi. Huoni ulaini popote.

Ulaini unaonekana wapi? Unaonekana chapati inapochanwa, zile tabaka zinavyoachana na mvuke unavyotoka. Hiyo shoti haikuwepo kabisa kwenye dakika nne zote. Kwa hiyo kabla ya kugusa simu mtu ajiulize: nataka aliyetazama aamini nini? Akishajua, shoti ya kwanza kuipata ni hiyo, nyingine zinaifuata.

Tulirudi asubuhi nyingine tukaishuti upya kwa simu ileile. Video inafunguka na vidole vinachana chapati, karibu sana, sauti yake inasikika. Halafu tunarudi mwanzo wa kazi: kiganja kinabonyeza donge kwenye kibao. Kifimbo kinasukuma, kamera iko usawa wa kibao, si juu ya kichwa cha mama, hivyo unaona chapati inakua ikikujia. Kabla hatujaondoka kwenye kibao, mafuta yanaanza kulia, bado hatujaona kikaango. Sikio limeshatangulia, jicho linataka kujua, ndipo tunakata kwenye kikaango. Kisha mama ananyanyua chapati kuigeuza: shoti pana mkono unapanda, katikati ya kupanda tunakata, shoti ya karibu chapati inatua upande wa pili na kufura. Mkato huo watu hawauoni, kwa sababu jicho linafuata mkono. Halafu uso wa mama, sekunde mbili tu, anamtazama mteja. Mteja anakula. Bei, mahali, mwisho.

Hakuna transisheni hata moja humo. Kila kipande kinajibu swali lililoachwa na kipande kilichotangulia.

Na uso ule wa mama una kazi kubwa kuliko urefu wake. Mrusi Lev Kuleshov, karne iliyopita sinema ikiwa bado haina sauti, alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akauunganisha na bakuli la supu, halafu jeneza lenye mtoto, halafu mwanamke. Uso ni uleule, lakini watazamaji waliona njaa, huzuni na matamanio. Ukiweka uso wa mama baada ya chapati kufura, tunaona mtu anayejivunia kazi yake. Uweke baada ya mteja kuhesabu sarafu, tunaona mtu anayesubiri hela. Mpangilio unasema maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, ndiyo maana kuhariri si kupunguza urefu tu.

Nawasilisha. Maswali na mabishano yote yanakaribishwa.

#2

Mkuu uzi umeshiba. Swali langu: mimi nina duka la vipodozi, nikishuti ndani ukutani inapita mistari myeusi inapanda juu polepole, kwa macho siioni. Simu ni mpya. Niliirudisha kwa fundi akasema haina tatizo.

#3 Mleta uzi

Fundi yuko sahihi mkuu, simu haina kosa. Ni taa.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, Kenya pia. Taa za LED za bei nafuu na tyubu za zamani zinapwesa mara 100 kila sekunde, haraka kiasi kwamba jicho haliligundui. Simu nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, hesabu iliyoshikamana na nchi za umeme wa hezi 60 kama Marekani. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, sehemu moja ya fremu inapata mwanga mwingi kuliko nyingine, ndiyo hiyo mistari.

Kwenye simu ya Android nenda kamera upande wa Pro, weka shata 1/50 au 1/100 uifunge hapo. Kama simu yako haina Pro ya video, pakua programu ya kamera yenye kipengele hicho. iPhone ingia mipangilio ya kamera, kwenye kurekodi video ruhusu fomati za PAL (za nchi za umeme wa hezi 50 kama yetu), utaona fremu 25 zinajitokeza, chagua hizo. Ukishuti kwa 25, na mradi wako wa kuhariri uweke 25, usichanganye na 30, vinginevyo mtu akitembea utaona anashtukashtuka.

Zile taa za rangi za ukumbini zinazobadilika na skrini kubwa ya nyuma ya MC zina mapigo yao tofauti, hapo utajaribu shata mpaka upate inayotulia. Nyingine hazitulii, unageuza engo.

#4

Naomba kupingana kidogo. Unasema mkato uwe na sababu, lakini ukweli wa mitandao ni kwamba usipokata kila sekunde moja watu wanasepa. Kijana wa leo hana subira. Video zangu zenye mikato mingi zinapata watazamaji kuliko zile tulivu. Namba hazidanganyi.

#5 Mleta uzi

Hoja nzuri, na sikatai namba zako. Nina shaka na sababu unayoipa.

Video yenye mikato mingi mara nyingi ina shoti nyingi tofauti, maana yake aliyeishuti alizunguka, akasogea, akatafuta vitu. Ile tulivu mara nyingi ni mtu kasimama mbele ya kamera anaongea dakika nzima. Kwa hiyo unalinganisha video yenye habari nyingi na yenye habari kidogo, halafu sifa unaupa mkato. Jaribu hivi: chukua ile tulivu, ikate kila sekunde kwa kuzumu ndani na kurudi, bila kuongeza picha mpya. Uione.

Tukumbuke pia sinema yenyewe ilizaliwa ikiwa fupi. Ndugu Lumière walipoonyesha filamu zao Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja ilikuwa haifiki dakika, kwa sababu mkanda wa mashine yao ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi. Shoti moja, kamera haitikisiki, hakuna mkato. Ile ya wafanyakazi wanaotoka kiwandani Lyon bado inatazamika leo, kwa sababu ndani ya fremu mambo hayaishi: geti linafunguka, watu wanamiminika, wanagawanyika kushoto na kulia, baiskeli inapita, mbwa anapita. Jicho lina kazi. Kama ndani ya fremu kuna jambo linaendelea, iache iendelee. Kama jambo limekwisha, kata hata ikiwa ni nusu sekunde.

Mhariri Walter Murch wa Marekani, aliyehariri filamu kubwa nyingi, aliwahi kupanga sababu za kukata kwa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na yaliyobaki yakagawana asilimia 16, ikiwemo mahali jicho la mtazamaji lilipo na usahihi wa nafasi. Mdundo umo, ila uko wa tatu. Programu za simu zinazokata zenyewe kwa kufuata biti zimeutoa wa tatu zikauweka wa kwanza. Bibi harusi anataka kulia, biti inagonga, tunahamia kwenye keki. Mimi hapo roho inauma kweli.

#6

Kuhusu harusi, mimi niko Mombasa na tatizo langu ni kanzu. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, ndugu zake wote kanzu nyeupe, nyuma ukuta mweupe wa msikiti. Nyuso zinatoka nyeusi hata mama mzazi hamtambui mwanawe. Ndugu yangu nisaidie, msimu umekaribia.

#7 Mleta uzi

Ahsante ndugu, hili linawapata wengi na linahusu heshima ya watu, kwa hiyo nitalieleza vizuri.

Kamera haijui kanzu wala uso. Inachojua ni wastani: inataka fremu nzima iwe kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inapendeza, uso unazama. Ukiwa na mtu mwenye ngozi nyeusi hasa na gauni jeupe, tofauti ni kubwa zaidi.

Gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka kamera ifunge mwanga na fokasi, kisha vuta kile kialama cha jua juu kidogo hadi ngozi iwe na uhai. Angalia kanzu: bado unaona mikunjo ya kitambaa na tarizi ya shingoni? Basi umepatia. Ikishakuwa karatasi nyeupe isiyo na mkunjo umezidisha, na hicho kilichoungua hakirudi wakati wa kuhariri, wakati uso uliofifia kidogo unaweza kuunyanyua. Kwa hiyo nafasi yako ipo kati ya hizo mbili. Pia watoe karibu na ukuta mweupe, hatua nne au tano mbele, na utafute upande ambao nyuma kuna mlango wa mbao au miti.

Jambo jingine: zima kile kipengele cha kulainisha na kung'arisha uso. Simu nyingi zinakuja kimewashwa. Kinampa bibi harusi rangi ambayo si yake, na akisogea unaona shingo ina rangi nyingine. Weusi wa ngozi ni wa kuushuti ung'ae: mweke upande wa dirisha, mwanga umguse shavu kutoka ubavuni, utaona shavu na kidevu vinavyojichora. Hiyo ni nzuri kuliko filta yoyote niliyowahi kufungua.

#8

Mi nipite na dogo tu: kushuti wima au kulala?

#9 Mleta uzi

Wima, kama inakwenda TikTok, Reels, Shorts au status. Pikseli 1080 kwa 1920. Usishuti kwa kulala ukidhani utaikata baadaye: ukiitoa wima ndani ya video ya 1920 kwa 1080 unabaki na upana wa pikseli 608 hivi, chini ya theluthi moja ya ulichoshuti. Mtu wa kushoto kaenda, wa kulia kaenda.

Ila wima nayo ina adabu yake. Upande wa kulia kuna alama za kupenda na maoni, chini kuna maelezo yako. Bei ukiiandika chini kabisa imefunikwa. Weka maandishi katikati au juu kidogo, mistari miwili isizidi, na usikubali programu ikuachie "kwa" mwisho wa mstari na "bei nafuu" mstari wa pili. Yale maandishi ya kujiandika yenyewe yasome neno kwa neno kabla ya kurusha, Kiswahili chetu bado yanakiharibu sana.

#10

Mkuu, hiyo ya mtu kutoka kushoto kwenda kulia halafu ghafla anatoka kulia inanisumbua. Nilishuti mashindano ya mpira ya mtaani, nikiunganisha inaonekana timu moja inajifunga.

#11 Mleta uzi

Hahaha, ulivuka uwanja mkuu. Ukitazama ligi kwenye televisheni, kamera kuu zinakaa upande mmoja. Timu inayoshambulia kwenda kulia inaendelea kulia hadi mapumziko. Wakionyesha marudio kutoka upande wa pili wanaandika au wanaweka alama, kwa sababu wanajua utachanganyikiwa.

Chora mstari wa kufikirika kati ya magoli mawili, wewe baki upande mmoja. Ukilazimika kuvuka, shuti ukiwa unatembea bila kukata ili mtazamaji avuke na wewe, au weka katikati shoti isiyo na upande: mtoto anashangilia, viatu, kocha ameshika kiuno. Kanuni hiyo ni ileile ukishuti watu wawili wanaongea. Mstari upo kati ya pua zao. Ukiuvuka, wote wataonekana wanatazama upande mmoja kama wako kwenye daladala.

#12

Mimi ni fundi fenicha, natengeneza makabati. Nina klipu: mbao ikipasuliwa, kupiga randa, gundi, kabati limekamilika, mteja analipakia kwenye kirikuu. Nikiunganisha kwa mpangilio huo watu hawafiki kwenye kabati. Na mteja nikimtumia WhatsApp anasema imefifia. Nifanyeje?

#13 Mleta uzi

Fundi, una mali hapo. Ulichokosa ni shoti ya kabati likitumika. Nenda kwa mteja mwingine uliyemtengenezea, umuombe ruhusa, shuti droo inavyofungwa: kidole kinasukuma, droo inaingia yenyewe bila kukwama, ule mlio mdogo inapofika. Karibu kabisa, na usiweke muziki juu ya mlio huo. Hiyo iwe shoti yako ya kwanza, sekunde tatu.

Halafu randa, lakini shuti maranda yanavyojikunja kutoka kwenye mbao, kamera ikiwa usawa wa benchi, asubuhi jua likiingia ubavuni mwa karakana. Ile ya kupasua mbao ifupishe iwe sekunde moja, mlio wa msumeno unachosha sikio. Gundi iruke, labda kama unabana kwa vibano, hapo mikono yako inaonekana inafanya kazi. Kisha mkono wako unapitisha kiganja juu ya mbao iliyolainishwa, kata kiganja kikiwa bado kinatembea, shoti inayofuata kiganja cha mteja kinapita juu ya kabati lililokamilika, kwa mwelekeo uleule. Unaposhuti hizo mbili kumbuka, zote ziende kutoka kushoto kwenda kulia. Kirikuu kiwe mwisho, na namba yako ya simu ikae hapo sekunde nne, siyo moja, mtu aweze kuinakili.

WhatsApp inabana video ili ipite haraka. Chagua HD kabla ya kutuma, au itume kama dokumenti badala ya kutoka kwenye picha, itafika ilivyo. Na usiidownload tena kutoka WhatsApp kwenda kuirusha kwingine. Rusha lile faili la kwanza lililotoka kwenye programu ya kuhariria.

Ukishaipata ya droo irushe hapa kwenye uzi kabla hujaiunganisha na nyingine, tuitazame pamoja.